Kwanza uliza gari litalala wapi

Watu wakisikia nina gari la umeme, swali la kwanza huwa betri: itadumu miaka mingapi, na ikichoka nitapata wapi nyingine. La pili ni Dar: linafika? Ni maswali ya haki yote mawili, ila siyo ya kuanzia. Kabla hujaangalia rangi wala kilomita zilizotembewa, jiulize usiku gari litalala wapi, na hapo linapolala pana umeme wa namna gani ukutani. Jibu lake ndilo litakalokuambia ununue gari gani na chaja gani, au uendelee na petroli yako miaka mingine miwili bila kumwonea mtu haya.

Nayaandika haya kwa sababu jamaa zangu hapa Tanga wameanza kunitumia picha za magari ya minada ya Japani saa nne za usiku, kila moja na maneno mawili tu chini yake: “Hili je?” Picha huwa ya gari kwa mbele, limeoshwa, linang'aa. Ninayoitaka mimi ni ya tundu la kuchajia, kifuniko kikiwa wazi, na hiyo muuzaji haiweki mpaka umwombe.

Tuanze na hesabu, maana woga mwingi unaishia hapo. Yuniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, na betri ya gari hupimwa kwa kilowati-saa hizo hizo. Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya 40 ilibeba yuniti 40 ilipotoka kiwandani. Gari la ukubwa huo likienda kwa utulivu hula kama yuniti 15 kwa kilomita 100. Ongeza kidogo kinachopotea njiani wakati wa kuchaji, sema 17. Bei ya T1, daraja la TANESCO la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa yuniti. Ukiweka VAT ya asilimia 18 pamoja na makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) unafika kama 356. Kwa hiyo kilomita 100 ni shilingi elfu sita na ushei. Gari la petroli linalokula lita nane kwa mwendo huo, petroli ikiwa shilingi 3,000, linamaliza 24,000.

Aliye kwenye D1, daraja la nafuu la watumiaji wadogo wa nyumbani, asijidanganye kwamba atachaji gari kwa shilingi 100. Bei hiyo ni ya yuniti 75 za kwanza kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni 350 kabla ya makato, na gari peke yake litazimaliza zile 75 kabla hujatembea kilomita 450. Friji na feni vitakukuta upande wa bei kubwa.

Sasa mkazi wa Tanga anatembea kiasi gani kwa siku? Watoto shule Chumbageni, kazini, Mgandini sokoni, jioni umepata taarifa ya mgonjwa unakwenda Pongwe na kurudi. Siku kama hiyo, ambayo ni siku ndefu, hufiki kilomita 50. Hizo ni yuniti nane au tisa. Soketi ya kawaida ya pini tatu ukiivuta kwa ampia 10 kwenye volti 230 inatoa kilowati 2.3. Toka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa nane, yaani yuniti 18. Umerudisha mara mbili ya ulichotumia, na wewe ulikuwa umelala.

Ndiyo maana nikisikia mtu wa Nguvumali au Raskazone, mwenye uzio na geti lake, anahangaika na chaja ya kasi, huwa namwambia atulie. Huo ni ugonjwa wa matangazo. Kwake yeye kasi si tatizo. Tatizo lake ni waya uliomo ndani ya ukuta, ambao pengine uliwekwa kabla hata hajahamia nyumba hiyo.

Nilimwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Hakuuliza habari za gari hata kidogo. Alitaka kuona meini swichi, kisha akataka jiko la umeme. Tukamletea la kwetu la kilowati mbili, akalichomeka kwenye soketi ya nje, pale gari lilipotarajiwa kulala, akaliwasha, tukaenda kunywa chai. Baada ya muda akarudi, akaweka kiganja juu ya soketi, kisha akanishika mkono niuweke na mimi. Plastiki ilikuwa ya moto. Akazima meini, akafungua skrubu mbili, akaivuta soketi nje. Upande mmoja ganda la waya lilikuwa limegeuka kahawia na kukakamaa, na skrubu inayoushika ule waya ilikuwa imelegea kiasi cha kuzunguka kwa ncha ya kidole.

“Kaka, hii inawasha feni na redio miaka yote bila neno,” akasema. “Hata jiko, unapika nusu saa unazima. Gari linavuta saa nane halipumui. Wewe umelala, hii inapika.”

Soketi ile ilikuwa imeungwa kwenye laini moja na friji na soketi za sebuleni, waya wa milimita 2.5, jambo la kawaida kabisa katika nyumba zetu. Alinipa njia mbili. Ya kwanza ni laini mpya kutoka meini hadi nje, yenye breka yake, kinga yake ya kukata umeme ukivuja, na mwisho wake ile soketi ya bluu ya mviringo ya ampia 16 mnayoiona kwenye karakana za kuchomelea. Hapo unatumia waya wa kubebeka wenye kisanduku katikati na unapata kama kilowati 3.7. Ya pili ni boksi la ukutani la ampia 32, waya wa milimita 6 au 10 kulingana na umbali, breka ya 40, unapata kilowati 7.4. Hii ya pili inataka uangalie pia na mzigo wa nyumba nzima, kwa sababu nyumba nyingi ni za fezi moja. Ukiwasha kiyoyozi, hita ya maji ya kuoga na gari kwa pamoja, meini itakudondokea na familia itakujua.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa ethi. Tanga tumejenga juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na rodi fupi iliyopigwa kwenye udongo mkavu haisaidii kitu. Alipima, hakuridhika na rodi ya zamani, akapiga mbili nyingine chini ya mwembe ambako maji ya kufulia hupita, akaziunga pamoja, akapima tena. Waya wa gari wenye kisanduku kizuri hukagua ethi wenyewe, na usipoipata unawasha taa nyekundu na kukataa kuchaji. Wapo watu wanaomtafuta fundi wa kuudanganya ule waya ili taa nyekundu iondoke. Kwa gari la chuma, usiku wa masika, uani kuna maji na watoto wanapita pekupeku!

Nilichukua njia ya kwanza, ya soketi ya bluu. Sababu yake imo ndani ya gari lenyewe, na hapa ndipo wengi hutoboka mifuko.

Kile kinachoitwa chaja ukutani, kwa umeme wa AC wa nyumbani, kwa kweli ni lango tu. Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Ndiyo inayougeuza umeme wa AC kuwa DC unaoingia kwenye betri, na ndiyo inayoamua kasi. Leaf nyingi zilizouzwa Japani zilitoka na chaja ya ndani ya kilowati 3, na ile ya 6 mnunuzi aliiagiza kwa kulipia zaidi. Kufunga boksi la kilowati 22 kwa ajili ya gari la namna hiyo ni kununua bomba la zimamoto ili ujazie chupa ya maji ya kunywa. Tena hizo 22 zinataka fezi tatu, ufike TANESCO ukaombe, na ukishapewa gari litaendelea kunywa kilowati zake 3 zile zile.

Halafu kuna maumbo ya matundu. Gari la Japani kama Leaf lina matundu mawili puani. Dogo la mviringo ni la AC, wanaliita Type 1. Kubwa ni CHAdeMO, la chaja ya DC ya kasi, ambalo Wajapani walilianzisha rasmi mwaka 2010. Magari ya Ulaya yana Type 2 kwa AC na CCS2 kwa DC, vyote kwenye tundu moja lililoungana. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China yana GB/T, na ya AC inafanana na Type 2 kwa macho kiasi kwamba utabishana na muuzaji, lakini pini na mashimo vimepishana na haviingiliani. Gari la Kichina lililotengenezwa makusudi kwa soko la nje mara nyingi linakuja na CCS2, kwa hiyo “la Kichina” peke yake si jibu. Fungua kifuniko uone.

Kwa kuchaji nyumbani tofauti hizi hazisumbui sana. Adapta ya Type 1 kwenda Type 2 ni kitu kidogo, kwa sababu lugha wanayozungumza gari na waya kwenye AC ni moja. Kwenye DC ndipo pana kazi. Pale chaja na gari vinajadiliana kila sekunde, na adapta inayotafsiri kati ya CCS2 na CHAdeMO ni kompyuta ndogo yenye bei yake. CHAdeMO yenyewe inazidi kuachwa: hata Nissan walipotoa Ariya kwa Ulaya na Marekani waliiwekea CCS. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukinunua Leaf, inunue kama gari la kuchajiwa nyumbani, na ile CHAdeMO uihesabu kama zawadi ukikutana nayo. Ukitaka gari la kutegemea vituo vya njiani, lipia zaidi upate la CCS2. Na kituo usichokiona kwa macho, kikiwaka, kikichaji gari la mtu mwingine, usikiweke kwenye mahesabu yako.

Hayo yote ni ya mwenye geti. Mdogo wangu anaishi na mama Ngamiani, na huko mambo ni mengine kabisa.

Nyumba ya bi mkubwa ni nyumba yetu ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, kisha mfereji, kisha barabara. Gari huegeshwa barabarani. Vyumba vitatu vya nyuma vina wapangaji, na LUKU ni moja, kila mwezi mnachangishana. Mdogo wangu alikuwa ameshachagua gari, ameshaipenda picha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Na huo waya utaupitisha wapi, mwanangu? Hapa barazani watu wanakaa na kahawa zao.”

“Utapita juu, mama. Tutaweka bomba.”

“Juu upite, uteremke barabarani, baiskeli zipite wapi? Haya, tuseme umepita. Wapangaji watasema gari la mwanangu linakula umeme wao.” Akanyamaza kidogo. “Na watakuwa wamesema kweli.”

Hakuna mhandisi angelieleza vizuri zaidi. La pesa lina dawa: unafunga sabmita kwenye laini ya gari, kila mtu anaisoma, mwisho wa mwezi mwenye gari analipa yuniti zake. La waya ndilo halina dawa nyepesi. Waya unaokatiza njia ya watu usiku kucha ni ajali inayosubiri baiskeli, na Tanga bado ni mji wa baiskeli. Tulifikiria yadi moja jirani ambako watu hulaza magari kwa ada na mlinzi yupo. Mwenye yadi hakukataa, alitaka tu soketi ifungwe kwa gharama yetu na sabmita iwe mahali anapoiona yeye. Ni njia nzuri, na kwa mtu anayeishi katikati ya mji ndiyo ningemshauri aanze nayo: tafuta yadi kwanza, mkubaliane kwa maandishi, ndipo utafute gari.

Mdogo wangu yeye alipiga hesabu yake akaishia kwenye pikipiki ya umeme yenye betri ya kuchomoa. Anaibeba mkononi anaingia nayo ndani, anarudisha yuniti mbili tatu, na hakuna waya unaovuka mfereji. Mama amempa sharti moja tu: ichajiwe ukumbini karibu na mlango, watu wakiwa macho, na siyo chini ya kitanda. Namuunga mkono mama.

Sasa Dar. Toka Tanga kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Leaf ya 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400, kwa kipimo chao cha zamani cha JC08. Gari hilo hilo Marekani lilipimwa na EPA, shirika lao la mazingira, likapewa maili 151, ambazo ni kama kilomita 243. Amini Wamarekani. Tena hiyo ni betri mpya, na unayoinunua wewe imeshafanya kazi Osaka miaka saba. Kwa hiyo hapana, Dar haifiki kwa chaji moja, na mimi nikienda Dar nashuka stendi ya Kange napanda basi nasinzia. Sioni aibu. Gari la kila siku na gari la mara mbili kwa mwaka si lazima liwe moja.

Lushoto ndiko kunakonifurahisha kuhesabu. Ni takriban kilomita 160, na toka Mombo unapanda karibu mita elfu moja kwa mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Kuliinua gari la tani moja na nusu na watu wake kwa kimo hicho hula kama yuniti nne hadi tano juu ya matumizi ya kawaida. Betri ya 40 yenye afya inafika, ila unafika ukiwa unaitazama. Ukilala huko, ukaomba kwa wenyeji soketi nzuri na ukalipia umeme wao bila kusubiri kuombwa, asubuhi una yuniti za kutosha kuteremka, na mteremko wenyewe unakurudishia sehemu ya ulichopandia, kwa sababu mota inageuka jenereta kila unapoachia mguu. Usiondoke Lushoto na betri iliyojaa pomoni, maana umeme wa mteremko utakosa pa kuingia na breki ndizo zitakazofanya kazi yote.

Joto nalo lipo. Leaf za vizazi viwili vya kwanza, hizi tunazoagiza sisi, hazina mfumo wa maji wa kupoza betri kama walio nao wengi wa washindani wake, zinategemea hewa tu. Januari na Februari za hapa si za mchezo. Betri inachakaa haraka ikiwa imejaa na iko juani, kwa hiyo mimi naweka saa ya kuchaji ianze usiku wa manane na nisijaze mpaka juu siku za kazi za kawaida. Asilimia 80 inatosha. Betri za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti), ambazo BYD wa China wanazitumia sana, zina desturi tofauti. Zenyewe watengenezaji hushauri zijazwe kabisa mara moja moja ili gari lijue vizuri lina kiasi gani. Soma kitabu cha gari lako, usisome changu.

Umeme ukikatika? Linaacha kuchaji, ukirudi linaendelea, basi. Katika mkoa wenye mitambo ya umeme wa maji ya Hale na New Pangani Falls, na sasa bwawa la Nyerere la megawati 2,115 huko Rufiji, sioni sababu ya kuogopa mgao kama zamani. Kinachotuzimia mtaani ni nguzo na transfoma, na hivyo ni vya saa chache. Cha kuogopa ni umeme unaorudi kwa kishindo. Kinga yake inafungwa kwenye meini, mwambie fundi aiweke siku hiyo hiyo. Sola ni nzuri ikiwa mchana gari liko nyumbani. Langu mchana liko kazini, kwa hiyo sikuigusa.

Kwa wale wa “Hili je?”, basi, kabla hamjanitumia picha nyingine. Ikiandikwa e-Power, acheni: hiyo ni ya petroli, injini yake inazalisha umeme, haina tundu la kuchajia hata ukilitafuta na tochi. Mwambieni muuzaji atume picha ya tundu likiwa wazi. Atume picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, ile safu ya vipande vidogo pembeni ya kipimo cha betri. Leaf mpya ina 12, na kila kilichopotea ni kilomita zilizopotea. Akikubali kupima kwa LeafSpy, programu ya simu inayosoma betri ya Leaf, akatuma asilimia ya afya ya betri, bora zaidi. Aeleze kwa maandishi chaja ya ndani ni kilowati 3 au 6. Afungue buti aonyeshe waya wa kuchajia. Ukiwepo, jueni una plagi ya Kijapani na umeandikwa volti 200, siyo 230 zetu; wekeni bajeti ya mwingine wa kwetu, na msimruhusu mtu aukate kichwa na kuuvalisha plagi ya pini tatu. Na mkiwa mnasubiri majibu yake, chomekeni jiko kwenye ile soketi ya nje, kaeni karibu nalo, mkaishike baadaye.